Bwawa la Nyuma ya Nyumba Dodoma: Paa Ndilo Lenye Neno

Mwenye kiwanja kipya Ng'hong'honha, Iyumbu au popote kwenye miteremko inayozunguka Chimwaga husikia kauli tatu kuhusu bwawa la nyuma ya nyumba, na hakuna inayopatana na mwenzake. Muuza vifaranga vya samaki humwambia kuwa shimo la mita 10 kwa 5 ni mgodi: tia sato, lisha, vuna baada ya miezi sita. Jirani aliyezoea kusubiri zamu ya maji humwambia kuwa kufuga samaki katika mji wa mgao ni dhihaka. Fundi naye, ambaye riziki yake iko kwenye kuchimba na kujenga, humuuliza swali moja tu: unataka la udongo, la karatasi au la zege?

Kila kauli ina ukweli ndani yake, ndiyo maana zote zinachanganya. Uchambuzi huu unazipitia moja baada ya nyingine, unaonyesha nguvu na udhaifu wake, kisha unazipima. Rai yake ni kwamba anayeanza na swali la fundi ameanzia mwisho. Katika nyanda hizi kavu, kipimo cha kwanza cha bwawa kiko juu ya nyumba, kwenye bati.

Mji wenye tope katika jina lake

Simulizi za Wagogo zinalitoa jina la Dodoma katika neno idodomya, yaani pamezama. Tembo, husimuliwa, alikuja kunywa maji kwenye kijito cha Kikuyu, akanasa kwenye tope akadidimia. Maji yaliyotuama yamo basi katika jina lenyewe la mji, lakini ni maji ya msimu. Mvua za Dodoma huja mara moja kwa mwaka, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili, na katika mwaka wa kawaida hufikia milimita kati ya 500 na 600 hivi. Kuanzia Mei hadi Novemba ni kiangazi, na kuanzia Julai upepo hupiga karibu kila siku.

Wafugaji wa Kigogo walilijua hilo, wakaishi kwa kufuata maji: visima vya kuchimba kwenye mchanga wa makorongo yaliyokauka, na madimbwi ambayo kila mtu alijua kuwa yatakwisha. Serikali ya kikoloni ilijaribu njia nyingine, ya kuyazuia maji kwa kuta kubwa. Mabwawa ya Imagi, Msalato, Matumbulu, Ikowa na Hombolo yote ni ya enzi hizo. Watafiti waliopima mabonde ya Ikowa, Matumbulu, Msalato na Imagi, na kuchapisha matokeo yao mwaka 1972, walikuta tatizo moja kila mahali: mmomonyoko kwenye miteremko iliyo wazi ulikuwa ukijaza mabwawa hayo mchanga na tope kwa kasi iliyotishia uhai wake. Mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba ana adui yule yule, ila kwa kipimo kidogo. Akiacha maji ya uwanjani yaingie bwawani, ataingiza na uwanja wenyewe.

Jambo la pili katika usuli huu ni kukua kwa mji. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanyika mwaka 1973. Kwa miaka mingi Chimwaga ilijulikana kwa ukumbi wake wa mikutano mikuu ya CCM, kisha mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kikaanzishwa na vilima vile vikajaa mabweni na kumbi za mihadhara. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa vitendo, na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo ambalo sasa ni jiji. Ile ya 2022 ilihesabu 765,179.

Watu hao kwa sehemu kubwa wanakunywa kutoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Kumbukumbu za kina cha maji ya visima hivyo, zilizokusanywa kwa miaka 55 na kuchambuliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, zinaonyesha kuwa hifadhi hiyo haijazwi na mvua za kila mwaka. Hujazwa katika misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, kama ile ya El Niño ya 1997/98, na miaka inayofuata hushuka taratibu. Kwa hiyo kila uniti inayotoka bombani ni akiba iliyowekwa na mvua ya zamani. Hapo ndipo ubishi wa bwawa la nyuma ya nyumba unapoanza kuwa na uzito.

Hesabu ya jua na upepo

Kabla ya kusikiliza upande wowote, tufanye hesabu ambayo pande zote huiruka. Maji yaliyo wazi Dodoma hupungua kwa mvuke wastani wa milimita 6 hivi kwa siku: kidogo chini ya hapo katika ubaridi wa Juni na Julai, zaidi ya hapo katika joto la Oktoba na Novemba. Milimita 6 hazitishi. Ni unene wa penseli.

Sasa chukua lile shimo la mita 10 kwa 5. Uso wake ni mita 50 za mraba, na penseli hiyo moja ni lita 300 kila siku, yaani ndoo 15 za lita 20. Hakuna aliyezichota wala mche uliomwagiliwa. Zimekwenda na upepo. Kuanzia Mei mosi hadi mwisho wa Novemba ni siku 214, na uso wa maji utakuwa umeshuka kwa karibu mita 1.28. Bwawa lenye kina cha mita 1.2 litakuwa limekauka kabisa, hata kama halivuji tone. Kulirudishia maji kunahitaji zaidi ya lita 64,000, au uniti 64 za maji ya bomba.

Upande wa pili wa daftari ni paa. Bati lenye eneo la mita 100 za mraba, kwa mvua ya milimita 550, hupokea lita 55,000. Ukitoa sehemu moja ya tano kwa yale yanayoruka nje ya gata na yale ya kwanza yanayosafisha vumbi, unabaki na lita 44,000. Kwa maneno mengine, paa la nyumba ya kawaida haliwezi hata kufidia mvuke wa bwawa la mita 10 kwa 5, achilia mbali kulijaza.

Linganisha na bwawa la mita 4 kwa 3, kina mita 1.5, kuta zikiwa wima. Linabeba lita 18,000. Mvuke wake ni lita 72 kwa siku, hazifiki ndoo nne. Paa lile lile linalijaza, na bado linajaza simtanki la lita 10,000 kwa matumizi ya nyumbani. Hata mwaka mbaya wa milimita 350 paa hilo hutoa lita 28,000, kiasi kinachotosha vyote viwili. Mvuke hufuata ukubwa wa uso, hauangalii kina. Kwa hiyo bwawa pana lisilo na kina ni sahani ya kuanikia maji, na bwawa dogo lenye kina ni mtungi.

Wanaohimiza: samaki mezani, pesa mfukoni

Upande wa kwanza una hoja nzuri. Kitoweo cha samaki Dodoma husafiri. Hutoka Mtera, bwawa lililojengwa kwa ajili ya umeme kwenye Mto Ruaha Mkuu. Hutoka Bahi pale mbuga inapojaa. Au huja kwa barafu kutoka Ziwa Victoria. Samaki anayetolewa majini asubuhi na kukaangwa mchana huo huo ni kitu adimu. Chakula chake nacho hakiko mbali, kwani Dodoma na Singida ni mikoa ya alizeti. Mashudu yapo, pumba ipo, na samadi ya mifugo ya kurutubisha maji ipo. Wizara ya Mifugo na Uvuvi yenyewe iko Dodoma, na afisa uvuvi wa halmashauri hupatikana kwa anayemtafuta.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye vipimo. Vitabu vingi vya ufugaji samaki vimeandikwa kwa ajili ya mahali ambapo maji hutiririka yenyewe hadi bwawani, kwenye miteremko ya Morogoro au Mbeya ambako kijito hakikauki. Ukivihamishia Chimwaga bila kubadilisha kitu, vinaleta bwawa la sahani. Tena vinadhani maji yana joto mwaka mzima. Sato hukua vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo na kukua kwake hudorora. Usiku wa Juni na Julai hewa ya Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na bwawa dogo hupoa haraka. Miezi sita ya muuza vifaranga huweza kuwa saba au minane.

Kisha kuna mavuno. Katika bwawa la mita 12 za mraba, kwa sato wanne kila mita, unaweka samaki 50 hivi. Wote wakiishi na kufikia robo kilo, ni kilo 12 na ushei. Ni mboga ya heshima kwa familia kwa wiki kadhaa, lakini hiyo haiitwi biashara. Anayetaka biashara anahitaji chanzo cha maji cha kudumu, na huyo tayari ana swali lingine mkononi.

Wanaopinga: maji ni ya watu kwanza

Upande wa pili unasimama juu ya Makutupora. Katika mtaa ambako maji hutoka kwa zamu na maji ya boza huuzwa ghali, kujaza bwawa kwa bomba ni kuchukua sehemu ya jirani. Hoja hii ina nguvu kwa bwawa linalotegemea bomba, na ina nguvu zaidi kwa madimbwi ya mapambo yenye chemchemi ya kurusha maji hewani, maana kila tone linalorushwa hupata upepo mara mbili. Kitaalamu nako kuna sababu. Maji ya bomba huwa na dawa ya klorini inayodhuru samaki, hivyo hulazimu kuachwa wazi siku moja au mbili kabla ya kutumika. Maji ya visima virefu mahali pengi Dodoma yana chumvi, na mvuke huondoa maji na kuiacha chumvi. Kila unapojaziliza unaongeza chumvi mpya juu ya ile ya zamani, na mboga zitakazomwagiliwa mwisho wa kiangazi zitaionja.

Lakini wapingaji hutupa mtoto pamoja na maji ya kuogea pale wanaposema bwawa lolote ni anasa. Mvua inayoanguka juu ya bati na kuachwa iteremke barabarani haiendi Makutupora kwa jirani. Huchonga makorongo, hubeba mchanga, na sehemu kubwa hupotea hewani kabla ya wiki kwisha. Kuikamata hakumnyimi mtu. Pingamizi lao la haki linabaki moja: je, maji hayo ya paa hayangefaa zaidi kwa kufua, kupikia na kuogea? Jibu ni ndiyo, na ndiyo sababu simtanki linatangulia. Bwawa lipewe kinachofurika kutoka kwenye tanki. Nyumba isiyo na tanki la kutosha haijafikia hatua ya kuwa na bwawa.

Wa lambo: maji kwanza, samaki ni nyongeza

Upande wa tatu haupigi kelele, ila una mizizi mirefu zaidi. Ni wale wanaoliona bwawa kama lambo dogo la nyumbani: chombo cha kuhamisha maji ya Februari hadi Septemba, ambapo bustani imekauka na fungu la mchicha limepanda bei. Samaki kwao ni mpangaji anayelipa kodi kwa kula viluwiluwi vya mbu na kurutubisha maji ya bustani.

Nguvu ya fikra hii ni kwamba inakubali kukauka. Haipigani na kiangazi, inakipangia ratiba. Udhaifu wake ni kwamba maji ya kuhifadhi peke yake hukaa vizuri zaidi ndani ya simtanki lenye mfuniko, lisilopoteza chochote kwa mvuke. Lita 18,000 zilizofunikwa ni bora kuliko lita 18,000 zilizo wazi. Kinacholipa bwawa faida juu ya tanki ni ile huduma ya pili: samaki, na maji yenye mbolea. Bwawa lisilo na samaki wala bustani limeshindwa na tanki la plastiki kabla halijachimbwa.

Udongo, karatasi au zege

Sasa ndipo swali la fundi linapopata nafasi yake, na hesabu tuliyofanya imeshalijibu nusu.

Bwawa la udongo ni rahisi kwa gharama, lakini hutegemea udongo wa mfinyanzi. Miinuko ya Dodoma ina tifutifu nyekundu yenye kichanga kingi juu ya mwamba; mabondeni kuna udongo mweusi wa mbuga. Kipimo cha kujua hakihitaji maabara. Chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze maji hadi ukingoni asubuhi. Jioni maji yatakuwa yameshuka kwa sababu ardhi kavu imekunywa. Lijaze tena, lifunike kwa matawi, rudi alfajiri. Ukikuta maji karibu yote yapo, udongo unashika. Ukikuta tope tu, ardhi hiyo itakunywa kila mvua utakayoipa. Udongo wa mbuga hushika vizuri ukiwa umelowa, ila una kasoro yake: ukikauka hupasuka nyufa za kuingiza mkono, na bwawa la msimu hukauka kila mwaka.

Tatizo kubwa zaidi la udongo ni umbo. Ukingo wa udongo hauwezi kusimama wima; lazima ulale. Chukua lile bwawa la mita 4 kwa 3 na ulaze kingo zake kiasi kwamba kila mita moja ya kina inakula mita moja ya upana. Ukifika mita 1.5 chini, sakafu imekwisha: kuta zimekutana. Juu una mita 12 za mraba zile zile zinazopigwa na jua, lakini ndani una lita 6,750 tu badala ya 18,000. Bwawa dogo la udongo linalipa ushuru wote wa mvuke kwa theluthi moja na ushei ya maji.

Karatasi ngumu ya bwawa huziba kichanga chochote na hutandikwa kwa siku moja. Mnunuzi akumbuke kupima mara mbili: kwa bwawa la mita 4 kwa 3 na kina cha mita 1.5, urefu wa karatasi ni 4 na 3 za kuta mbili na moja ya kukunja ukingoni, jumla 8. Upana ni 3 na 3 na 1, jumla 7. Ni mita 56 za mraba kwa bwawa la mita 12. Adui zake ni jiwe lenye ncha lililosahaulika chini, panya, kwato za mbuzi aliyekuja kunywa, na jua kwenye ule ukingo ulioachwa wazi. Karatasi peke yake ndani ya shimo la kichanga hudai kingo zilizolala, na hapo tumerudi kwenye lile tatizo la umbo.

Zege au tofali zilizopigwa plasta ndizo ghali zaidi mwanzoni, ila ndizo zinazoruhusu ukuta wima. Zina kasoro zake. Saruji mpya hufanya maji yawe makali kwa samaki, hivyo bwawa hujazwa, hukaa siku kadhaa, humwagwa, na kurudiwa mara mbili tatu kabla ya kifaranga kuingia. Nondo zikikosekana, nyufa hufuata, hasa juu ya udongo wa mbuga unaovimba na kusinyaa. Njia ya kati ni ukuta wa tofali ulio wima ukavikwa karatasi kwa ndani: tofali hubeba uzito, karatasi huzuia uvujaji, na ufa mdogo haumwagi maji.

Ukuta huo ukiinuliwa sentimita 80 juu ya ardhi, na sentimita 70 zikabaki chini, faida mbili hujitokeza. Maji ya uwanjani yenye tope hayawezi kuingia, na nusu ya juu ya maji hutiririka yenyewe kwenda bustanini kupitia bomba, bila pampu.

Sato au kambale

Sato ana soko na ladha inayopendwa, lakini akiwekwa dume na jike pamoja huzaana hadi bwawa likajaa vidagaa visivyokua. Dawa yake ni vifaranga vya madume pekee kutoka kwa mzalishaji anayeaminika. Anahitaji maji yenye hewa. Dalili ya upungufu huonekana alfajiri: samaki wamepanda juu, midomo nje, wakihema. Aliyeona hivyo asitie pumba siku hiyo. Atie maji mapya au ayapige yachanganyike na hewa.

Kambale ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, hivyo huvumilia maji machache na msongamano. Kwa bwawa linalopungua kila siku kuanzia Mei, hiyo ni sifa kubwa. Gharama yake ni chakula chenye protini nyingi zaidi, maji yanayochafuka upesi, na tabia ya kula wenzake wadogo wasipotenganishwa kwa ukubwa. Wapo pia walaji wasiompenda kwa kukosa magamba. Uchaguzi hapa ni wa nyumba yenyewe: anayelisha kwa pumba na mashudu, na anayemwaga samadi kurutubisha maji, aende na sato wachache; mwenye chakula cha kununua na bustani kubwa ya kupokea maji machafu afikirie kambale.

Kwa mfugaji wa sato kuna kipimo cha mkono. Zamisha mkono hadi kiwiko, kiganja kimefunguka. Kama kiganja kimepotea ndani ya ukijani, chakula cha asili kipo cha kutosha. Kama unahesabu vidole, maji yana njaa. Kama kiganja kinapotea kabla ya nusu ya mkono, umezidisha mbolea, na alfajiri utawakuta wakihema.

Mbu, konokono na watoto

Hofu ya mbu ni ya kweli, lakini inaelekezwa pasipofaa. Bwawa lenye samaki halilei mbu kwa wingi, kwa kuwa viluwiluwi huliwa. Hatari iko kwenye bwawa lililokwisha samaki na kubakiwa na kidimbwi, na kwenye matairi na makopo ya uani yasiyotazamwa na mtu. Kichocho nacho, ambacho Hombolo inakifahamu, huhitaji konokono wa majini na maji yaliyochafuliwa na mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Bwawa la maji ya paa lenye ukuta ulioinuka, lisilo na majani ukingoni wala mtu anayeogelea, hukata mnyororo huo.

Hatari isiyopewa uzito wake ni kuzama. Hapa hesabu inageuka na kumuuma mwenyewe: ukuta wima na kina cha mita 1.5, vinavyookoa maji, ndivyo vinavyomzuia mtoto kujitoa. Anayechagua umbo hilo achague pamoja nalo wavu wa chuma wa kufunika, ngazi ya kudumu ndani, na uzio wenye komeo. Neti ya kivuli juu yake itapunguza mvuke, lakini haizuii mtoto kutumbukia. Na kivuli cha mti kisiwe cha mwarobaini, ingawa ndio umejaa mitaani Dodoma. Majani yake yana viambato vinavyoweza kudhuru samaki.

Kuhusu vibali, mstari wa kukumbuka ni chanzo. Maji ya mto na ya kisima kirefu yanaangukia Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwa eneo la jiji mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Maji ya paa lako mwenyewe hayana mgogoro huo. Ujenzi wenyewe uulizwe halmashauri, na ufugaji uulizwe afisa uvuvi.

Mizani

Tukiziweka hoja zote pamoja, kinachobaki ni ratiba moja inayozitosheleza kwa sehemu kubwa. Gata hufungwa Novemba. Mvua za kwanza husafisha bati na kutupwa, zinazofuata hujaza simtanki, na kinachofurika huingia bwawani. Kwa mvua ya kawaida bwawa la lita 18,000 linaweza kujaa kabla Februari haijaisha, na vifaranga huingia. Mvua zikikoma Aprili, uso huanza kushuka. Hadi mwisho wa Agosti, siku 123 baadaye, utakuwa umeshuka sentimita 74 hivi, na sentimita 76 zimebaki. Zinawatosha samaki hadi mavuno. Wakati huo wana miezi sita au saba bwawani, wamevuka ubaridi wa Julai, na joto lenye kiu la Oktoba bado halijafika. Samaki wanavunwa. Zinabaki lita 9,000 za maji ya kijani yenye mbolea, zinazokwenda kwenye mchicha, chainizi na mipapai ya Septemba na Oktoba. Novemba tope linafagiliwa, nyufa zinazibwa, gata zinasafishwa.

Ratiba hii ina hasara zake, na zisemwe. Haitoi samaki mwaka mzima. Haitalipa gharama ya tofali kwa msimu mmoja wala miwili. Msimu wa ukame bwawa litachelewa kujaa, na vifaranga vitaingia Machi, au havitaingia kabisa. Anayetaka uso mpana wa maji wa kutazama jioni hataupata kwa mita 12. Lakini haichoti Makutupora, na inakubali kile ambacho jua la Dodoma litachukua kwa vyovyote.

Kwa muhtasari

Muuza vifaranga ana haki kuhusu samaki, na anakosea kuhusu ukubwa. Jirani ana haki kuhusu bomba, na anakosea kuhusu mvua ya paa. Fundi anauliza swali halali, ila jibu lake linatoka kwenye hesabu ya mvuke: udogo na kina vinadai ukuta wima, ukuta wima unadai tofali, na tofali zinadai mfuniko kwa ajili ya watoto.

Kwa hiyo anayesimama nyuma ya nyumba yake karibu na Chimwaga na jembe begani alitue kwanza. Apime urefu na upana wa bati lake, azidishe kwa mvua ya mwaka mbaya, atoe ya tanki la nyumbani. Kinachobaki ndicho bwawa lake. Kikiwa kidogo mno, ameokoa gharama ya kuchimba shimo ambalo mwezi Novemba lingekuwa limebaki na tope tu.